Tarehe Mosi Januari

Siyu, nyumba ya kumi na tisa, saa nne asubuhi.
Viatu nimeviacha mlangoni, tableti nimeifunika kwa leso
isiingie vumbi la chokaa. Bi Mwanashee binti Lali
amenyoosha mkono, nimemfunga kitambaa cha presha,
mashine imekoroma kama paka wake:
mia sabini na nane kwa mia na mbili.
Hiyo tumeiandika. Hiyo haina ubishi.

Kisha swali la tatu, lenye nyota nyekundu,
swali lisilorukika:
tarehe ya kuzaliwa.

Akacheka. "Swabra mwanangu, hiyo nilitungiwa."
Akafumba macho, akaitoa polepole
kama atoaye pete kwenye pindo la leso:

    Ulipokuwa Rajabu
    siku ya tano hisabu
    mai ya kisima tabu
    Mwanashee katuyia

    Mwaka wa nzige kupita
    mtama wote kufuta
    nyumbani hakuna hata
    kibaba cha kupimia

Babake aliziandika kwa wino wa masizi
ndani ya kifuniko cha kasha la mkewe.
Kasha liliuzwa. Beti hazikuuzwa.

Nikaiteremsha orodha: Januari, Februari, Machi,
nikafika Disemba. Rajabu haumo.
Nzige hawamo. Kisima hakimo.
Na kitufe cha "Endelea" kimekaa pale, kijivu,
kama karani aliyekunja mikono.

Mafunzoni Mokowe tuliambiwa:
asiyejua tarehe, mwekee mosi Januari.
Mwaka, kisia kwa uso.
Kwa hivyo katika kaya zangu mia moja na nne
wazee thelathini na wanane wamezaliwa alfajiri moja.
Huko makao makuu huenda kuna mtu anatazama grafu,
mnara mmoja, kisha tambarare mwaka mzima,
anajiuliza watu wa Siyu hupendana mwezi gani.

Uso, basi. Aliyenitangulia aliutazama uso wa Bi Mwanashee,
akauona mwororo (ni mafuta ya ufuta, si ujana),
akaandika sitini na nne.
Pesa za wazee zataka sabini.
Miezi kumi na minne sasa
kidonge kimoja anakikata vipande viwili
kwa kisu cha tambuu.

Sikuendelea na nyumba ya ishirini.
Nilikwenda kwa Bwana Aboud mshona kofia:
mwaka wa nzige? Alikuwa chuoni, juzuu ya Amma,
mwalimu aliwafungia ndani wasitoke kuwashika.
Kwa Mwanahija Famau: alikuwa hajang'oka jino la kwanza.
Nikahesabu kwa vidole, nikatoa, nikajumlisha,
Hijria kwa Miladia, nyuma ya karatasi ya chanjo:
sabini na tatu. Ikizidi, sabini na nne.

Mwaka nikaurekebisha. Siku na mwezi, mosi Januari,
sikuwa na la kufanya.
Lakini chini kabisa pana kisanduku, "Maelezo ya ziada",
ambacho sisi sote hukiacha kitupu.
Nikamwambia aseme tena, taratibu, nikaandika.
Kinakubali herufi mia moja na arobaini.

Nikapanda juu ya tangi la zahanati, ndiko uliko mtandao,
nikainua tableti kama anayeanika samaki.
Inatuma. Inatuma. Imepokelewa.
Kuhusu pesa: "Inashughulikiwa."
Hata leo inashughulikiwa.

Jioni nikarudi kumweleza ukweli,
kwamba beti zake zimefika, ila mashine imezikata mwishoni.
"Imekata wapi?"
"Kwenye kibab."
Akanyamaza, akamsukuma paka kwa mguu.
"Basi hata huko," akasema, "hawana cha kupimia."