Mlango wa Nkwimba

Ulikuwa wa mninga, mzito.
Marehemu mumewe aliununua Igoma mwaka aliouza ng'ombe wawili,
mlango pekee wa mbao ngumu huku juu Mabatini;
sisi wengine tuna mabati, au pazia.
Usiku ule mtoto wa Magesa alipokuja anahema,
baba hawezi kusema, anaonyesha kifua tu,
Nkwimba hakuuliza. Alileta nyundo,
akagonga pini za bawaba, moja, mbili, tatu,
mlango ukalala chini kama mtu aliyechoka.

Tulikuwa wanne. Mimi nashika nyuma kushoto
kwa sababu ni mfupi, na wakati wa kushuka
mlima unataka wafupi nyuma.
Gari la wagonjwa haliji huku. Haliwezi.
Njia ni upana wa mabega, halafu mawe,
mawe makubwa kuliko nyumba, wenyeji wetu,
tunayapita kwa ubavu: pinda, pinda, inua kichwa!
Na Magesa juu ya mbao, amefungwa kwa kanga mbili,
anatazama nyota, anavuta hewa
kama mtu anayevuta kamba iliyonasa mwambani.

Alifika barabarani. Hakufika Bugando.

Redio ilisema gonjwa hili halichagui,
tajiri na maskini wote mapafu ni mawili.
Ni kweli, mapafu ni mawili.
Ikasema tena: naweni kwa maji tiririka.
Dumu likifika huku juu ni shilingi mia sita,
na ziwa unaliona, lote, ukisimama mlangoni.
Siku ya kupika tulipika. Siku ya kunawa tulinawa.

Shangazi yangu Kwandu alikuwa anafua Capri Point
kwa bwana mmoja mpole, mtu wa forodha.
Bwana aliugua Jumanne. Jumatano
mtungi wa oksijeni ukashushwa sebuleni,
na nesi, na kiti cha nesi.
Shangazi alifua mashuka yale siku tisa.
Alipewa barakoa moja; nayo aliifua,
akaianika juu ya ua wa maua mekundu
ambako upepo wa ziwa hufika kwanza,
kabla haujatumiwa na mtu.
Siku ya kumi bwana alikunywa supu.
Nitasema haki: alipopata habari, alilia.
Alituma laki moja na gunia la mchele.
Mchele ulikuwa mzuri.

Kumshusha shangazi tulikuwa watatu,
wa nne alikuwa anakohoa.
Hospitali wakasema mitungi imeisha,
kisha mwingine, kwa sauti ya chini: upo, wekeni amana.
Tukahesabu. Tukahesabu tena,
kana kwamba noti huzaana mfukoni.
Mlango tuliuegesha ukutani, nje,
watu wakaupita wakidhani ni wa fundi.
Alfajiri tuliupandisha mtupu,
na mtupu ndio mzito.

Kwenye cheti chake waliandika kichomi.
Cha Magesa, moyo.
Cha Lugola, uzee; miaka hamsini na minne.
Hakuna aliyeandika mawe.

Mara kumi na moja mlango ule ulishuka.
Waliorudi kwa miguu yao ni wawili,
mmoja ni Malimi, anauza vocha pale chini, muulize.
Miezi yote ile Nkwimba alilala na shuka kizingitini,
baridi ikiingia bila hodi.

Tulipourudisha, haukuingia kwenye fremu.
Mbao zilikuwa zimevimba: mvua, jasho,
ile dawa waliyokuwa wakipulizia.
Fundi akasema aupunguze upande mmoja,
unene wa kidole tu, hautaonekana.
Nkwimba akaweka kiganja pale katikati,
palipolainika kwa migongo ya watu.
Akasema, acha.

Sasa umeegemea ukuta kwa nje, wima.
Bawaba anazipaka mafuta kila Jumapili.
Mvua ikianza, yeyote aliye karibu
hukimbia kuufunika turubai.
Hatuambiani kwa nini.