Chumba cha Vipuri

Jumatano ile kengele ya saa nne haikulia.
Mkurugenzi Kurimoto alipanda juu ya kasha la plastiki,
lile la kubebea nyaya,
akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi:
kuanzia Machi hatutengenezi tena mashine.
Kisha akashuka, akalirudisha kasha mahali pake,
akapangusa alama za viatu vyake.

Nakumbuka kupangusa kule kuliko maneno.

Miaka kumi na minane tulikuwa na nyumba yetu wenyewe:
kisanduku cheusi chenye taa ya kijani,
tulichokibuni Kamata, ghorofani, juu ya duka la tambi,
hata nyaya zake za mwanzo zilinuka mchuzi.
Kila kimoja tulikiuza kwa hasara ya yen elfu saba,
eti faida italetwa na michezo.
Hesabu ya kinyozi
anayemlipa mteja akubali kunyolewa.
Bei ikashuka mara tatu mwaka mmoja.
Ghala la Kawasaki likajaa hadi mlangoni,
na wale waliotulalia foleni na mablanketi
wakahamishia mablanketi kwa jirani.

Basi tukawa wapangaji.

Mkono mtupu haulambwi.
Aprili tulikwenda kwa mshindani na boksi la peremende za kunde,
karatasi ya zambarau, utepe.
Tukavalishwa beji za MGENI,
tukaketishwa kwenye kochi laini mno,
magoti yakatupanda kifuani.
Kijana wa mapokezi akauliza jina la kampuni yetu.
Na linaandikwaje?
Linaandikwaje!
Jina lililowaka jekundu juu ya paa letu,
marubani wakitua Haneda wakilisalimu.
Kurimoto akamtajia herufi moja moja, polepole,
bila kuinua macho kwenye beji yake.

Tulipewa mashine mbili za kufanyia kazi,
sisi tukiwa watu arobaini.
Tukazigawana kwa zamu kama choo cha wapangaji.
Sawako alilala chini ya meza wiki sita.
Kisanduku chetu tulikijua
kama mtu ajuavyo ngazi ipi ya kwao hulia usiku;
hiki cha watu kilituangusha kila kona.
Nguo ya kuazima, wahenga walishasema haisitiri nini.

Mchezo ulipotoka niliupeleka nyumbani.
Nembo yao ikang'aa sekunde sita,
ndipo ikaja yetu, ndogo, kama inajibanza.
Binti yangu akauliza,
"Baba, mbona tunaanza na wao?"
Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Mchezo wa pili ulichelewa. Wa tatu ulinunuliwa na watu elfu tisa.
Wakatafutwa wa kustaafu kwa hiari:
hiari, neno laini kama kochi lile.
Tukaunganishwa na watengenezaji wa mashine za kamari,
na mabosi wapya wakauliza
yule ndege kwenye nembo anafanya kazi gani.

Mimi waliniacha chini, chumba cha vipuri,
hadi vipuri viishe.

Mwezi jana kilifika kisanduku kutoka Akita,
kimefungwa ndani ya sweta la mtoto.
Barua: *Kilikuwa cha kaka yangu.
Ndani kuna safari aliyoiachia njiani.
Sitaki kuimaliza. Nataka iwepo tu.*

Betri yake, ndogo kama kifungo cha shati,
ndiyo inayoshikilia kumbukumbu;
ukiing'oa hovyo, kaka anakwenda nayo.
Nikaunga nyaya mbili pembeni,
nikaupitishia umeme mwingine,
na kwa dakika nne nikabadilisha moyo
bila kuuacha usimame.
Sikupumua vizuri. Nina miaka sitini na mmoja.

Taa ya kijani ikawaka.
Akatokea mvulana mwenye upanga, amesimama darajani,
uhai nusu, sarafu kumi na mbili.
Sikugusa kitu. Nikazima.
Nikaandika bili: betri, yen mia tatu.

Kurimoto hupiga simu kila Mwaka Mpya.
Haulizi afya, haulizi kampuni.
"Ngapi?" husema.
Mwaka huu nilimjibu, arobaini na moja.
Akanyamaza kidogo,
nikamsikia akiandika.