Kwa Mkono Mmoja

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
ghorofa ya pili, hospitali ya Kutaisi.
Saa nne kitini, mkono wa kushoto umelazwa
kama mtoto aliyekataa usingizi hadi ukamshinda,
na damu yetu inakwenda matembezi mashineni,
inarudi imeoga.

Mkono uliobaki ndio wa kitabu.
Ukurasa hufunuliwa kwa kidole gumba,
kitabu kimeegemezwa tumboni,
na kikianguka, kimeanguka:
unamngoja Maka apite na viatu vyake vya mpira
akiokote, akufungulie ukurasa usio wako.

Nugzar ndiye aliyeanza uchokozi.
Miaka thelathini fundi wa lifti,
hapendi kimya kinachokwama kati ya ghorofa.
"Haya, enyi wenye figo za pambo,
nani anasoma nini?"

Tsiala anasoma kitabu cha ufugaji nyuki.
Hana mzinga. Ana kibaraza na kamba ya nguo.
Anasema malkia akitoweka, mzinga hubadili mvumo,
naye anataka kuujua mvumo huo,
tangu mumewe aanze kukohoa.

Vazha ana riwaya ya kijasusi aliyoiokota kwenye treni,
kurasa za mwisho zimenyofolewa.
Yuko mia mbili na kumi, anakwenda taratibu
kama dereva aliyeambiwa daraja la mbele limevunjika.
Kila Ijumaa anatutungia mwisho mpya.
Kila Ijumaa muuaji ni daktari.

Bibi Lamara anasoma daftari la mapishi
la mama mkwe wake, marehemu, mwandiko wa kunguru,
madoa ya mafuta penye sahani alizozipenda.
"Miaka ishirini tuligombana jikoni," anasema.
"Sasa nabishana naye, na ananiacha nimalize."
Jozi zilizosagwa. Giligilani. Kitunguu saumu. Siki.
Sisi tuliokatazwa chumvi, tunaopimiwa hata maji,
humwambia: polepole, Bibi. Rudia hapo pa jozi.

Erekle, miaka kumi na tisa, alisema: "Mimi sisomi."
Tukamwacha.
Wiki ya tatu akakiri: anasoma mwongozo wa mashine,
Kijerumani chake, neno kwa neno, kamusi kwenye simu.
Siku hizi king'ora kikilia
tunamtazama yeye kwanza, Maka baadaye.

Na mimi?
Mimi nilidanganya.
Nilisema nasoma historia ya vita, juzuu la kwanza,
nikaliinua juu zaidi ya pua.
Lilikuwa ukuta tu, wenye jalada,
ili mtu asiniulize nimelalaje.
Mficha maradhi, kifo humuumbua;
mficha uvivu wangu aliumbuliwa na Tsiala:
"Guram, uzi wako wa alama umeota mizizi.
Tangu Januari uko pale pale."
Hakucheka. Alimpa Maka kile cha nyuki,
kikapita kiti kwa kiti, mkono mzima kwa mkono mzima,
kikanifikia kina joto la watu wanne.

Jumatatu moja kiti cha Vazha kilikuwa kitupu,
shuka imekunjwa pembe nne.
Hapa hatuulizi. Tunajua shuka inavyosema.
Saa nzima hakuna aliyefunua ukurasa.
Hata Nugzar alikuwa amekwama.

Maka alichelewa, ana mzigo wa dawa,
hakujua kwamba alikuwa ametuua sote.
"Hamjaambiwa? Usiku alipigiwa simu kutoka Tbilisi.
Figo imepatikana. Ameondoka na kandambili moja."
Akatoa mfukoni riwaya ya kijasusi.
Ndani ya jalada, kalamu ya risasi, haraka haraka:

*Nimemsamehe daktari.
Tafuteni muuaji mwingine.*

Ninayo mimi sasa.
Ukiniuliza leo, sitadanganya:
niko mia mbili na tatu,
na nakwenda taratibu.