Wingu la Khayega

Saa tisa, na mvua ya Khayega haijawahi kuchelewa kazini.
Bati la ofisi ya ushirika linapiga kelele,
hata Mama Khasandi ananiuliza mara ya pili:
"Umesema tunalipia nini?"

Wingu, mama.

Anatazama dirishani, juu ya mikaratusi,
kisha ananitazama mimi.
"Hapa? Wingu? La kulipia?"

Sicheki. Bili ya Machi iko mezani:
elfu ishirini na nane, mia tisa na themanini.
Kando yake makadirio yangu, kwa mwandiko wangu mwenyewe:
elfu tisa.
Nilikadiria kama mtu anayekadiria harusi ya mwenzake.

Daftari lake limevikwa gazeti, na juu ya gazeti, kwa kalamu nyekundu:
*Mali bila daftari hupotea bila habari.*
Anatoa, anagawanya kwa arobaini na tano, bei ya lita,
midomo ikicheza, kikokotoo kimelala.
"Lita mia nne arobaini na nne.
Umemwaga, Ambani."

Hayakumwagika kwa kishindo, mama. Yalidondoka.
Senti nne za dola kwa saa: nani aogope senti nne?
Lakini mwezi una saa mia saba na thelathini,
na saa hizo hazina Jumapili,
hazina matanga,
hazisemi leo mvua, tupumzike.

"Nionyeshe zizi."

Nageuza kompyuta. Hii hupokea kilo za alfajiri mzani ukishasema.
Hii huwatumia wakulima ujumbe, jioni.
"Na hii kubwa?"

Mvua.

Niliiwasha tarehe mosi
kujaribu jambo la dakika kumi.
Dakika kumi zikaisha.

"Kwa hiyo ng'ombe amekauka
na mmemlisha pumba mwezi mzima, usiku na mchana."
Nimemlisha, mama. Ni mimi.

Naizima mbele yake. Hakuna mlio, hakuna taa inayofifia,
mstari mmoja tu umegeuka kijivu.
Amesikitika kidogo, nadhani. Alitarajia angalau mngurumo.

Tukaingia kwenye nakala. Kila usiku mfumo ulijinakili mzima mzima,
tisini zimepangwa kama magunia ambayo hakuna anayeyauza.
Tukabakiza saba.
Tukafika kwenye picha: mkulima akifungua simu aone kilo zake,
ng'ombe mzima anashuka kutoka winguni, kwato na pembe,
na wingu, tofauti na soko letu,
halitozi anayeingia, hutoza anayetoka.
"Toa hizo picha," akasema.
"Kila mtu anamjua ng'ombe wake."

Usiku je? Mzani hulala saa moja jioni,
huamka saa kumi na moja alfajiri.
"Basi mashine nayo ilale. Ina nini cha kukesha?"

Ndipo akanisogezea kalamu, na tukakadiria upya,
kutoka chini safari hii: saa ngapi, kwa ngapi,
mara dola ya leo.
"Na dola ya kesho?"
Sikuwa na jibu. Akaongeza kumi kwa mia bila kuniuliza,
akachora mstari kwa rula,
na chini ya mstari ikatoka elfu tisa ileile,
ila sasa ilikuwa na miguu.

Tukaweka kengele: gharama ikifika elfu sita, ujumbe uende.
Uende kwa nani?
Niliandika namba yangu.
Akaifuta, akaandika yake.

Leo ni tarehe kumi na saba, niko kwa kinyozi,
simu inalia.
"Ambani, wingu limefika elfu sita."
Bado tuko sawa, mama, mwisho ni elfu tisa.
"Kwa tarehe kumi na saba ni elfu tano na mia moja.
Nani anakamua saa hizi?"

Nikasimama, nusu ya kichwa kimenyolewa,
nikaomba kompyuta yangu.
Nje, juu ya Khayega, kulikuwa kunaanza kunyesha, bure.