Safu Mbili

Saa moja asubuhi Kiboriani bado imejitanda ukungu.
Navua viatu vya ofisi, navaa buti za mpira,
naandika kwenye fomu: kijito Chilonje, kituo cha tatu,
chini ya kivuko cha ng'ombe; mvua juzi, leo hakuna.
Joto, nyuzi ishirini na moja.
Oksijeni, nyingi kuliko nilivyotarajia,
maana hapa maji yanaruka mawe yakihema.
Nachungulia ndani ya bomba la kupimia tope:
ule msalaba mweusi wa chini unaonekana, kwa mbali,
kama jina la mtu uliyesoma naye darasa la pili.

Kisha wavu.
Nasugua mawe kwa kisigino, nahesabu hadi sitini,
nakung'uta kilichonaswa kwenye sinia jeupe,
sinia la kuchagulia mchele, nililitoa nyumbani bila kuaga.
Natulia.
Uhai unaanza kutembea.

Mtoto wa kereng'ende, taya lake limekunjwa kama mkono wa mwizi.
Vidudu vya mikia mitatu, saba, nane, kumi na mmoja,
wale wasiovumilia uchafu hata wa siku moja.
Kaa wa ukubwa wa kifungo cha shati, amenuna.
Minyoo wekundu wawili tu. Wangekuwa mia
ningekunja wavu na kurudi Mpwapwa kimya.

Wanasema maji ya kifuu ni bahari ya chungu.
Huku kwetu vifuu hatuna, tuna vibuyu,
ila chungu ni wale wale.

Safu ya kwanza, Viumbe wa majini: Nzuri.
Kwa wino.

Safu ya pili haijazwi siku hiyo hiyo.
Maji yake yanachujwa, karatasi inalazwa sahanini,
sahani inalala kwenye kisanduku chenye joto la homa
mpaka kesho. Nililala nacho chumba kimoja
nyumba ya wageni, taa yake ndogo ikinikodolea,
na asubuhi nikahesabu madoa ya buluu
kwa ncha ya sindano:
mia nne na kumi na mawili.
Nikarudia. Mia nne na kumi na manne.

Na majanini, ukingo wa kushoto, konokono.
Hao sikuhitaji kitabu.
Nilikuwa na miaka tisa, lambo lile la juu,
nikakojoa nyuma ya mtama nikaona wekundu,
nikafukia kwa mguu, nisimwambie mtu.
Mwaka uliofuata walikuja shuleni na fimbo yenye alama,
wakatupima urefu kama mbao,
vidonge vitatu na nusu, vichungu, na uji juu yake.

Kwa hiyo nilirudi Chilonje na jibu mfukoni
na wao walikuwepo: Ndahani, Chidumizi,
na mdogo wao aitwaye Malogo, kaptula kichwani,
tayari kuruka.
Nikasema ngojeni.
Nikawaonyesha sinia. Nikawaeleza safu zote mbili.

Malogo akamtazama mtoto wa kereng'ende muda mrefu.
"Huyu anaruhusiwa?"
Ndiyo.
"Mimi siruhusiwi?"
Kwa sasa.
"Kwani yeye kalipa nini?"

Miaka mitatu Chuo cha Maji, hakuna aliyetuuliza hilo.
Nikaanza kusema juu ya kinyesi, juu ya ngozi,
juu ya kivuko kuhamishwa hatua mia mbili chini,
mkutano wa kijiji Alhamisi, kama akidi itatimia
(mwezi jana haikutimia; ilikuwa zamu ya kupura uwele).
Ndahani alikwisha kuondoka, anapiga kopo.

Nikamimina sinia polepole, wakarudi kwao.
Yule kaa wa mwisho aligoma, nikamsukuma kwa kalamu.

Malogo akalala kifudifudi juu ya jiwe,
akashusha kidole kimoja mpaka kikagusa maji,
kucha tu,
halafu akanigeukia
kuona kama nimeandika.