Mguu wa Kushoto

Geti la reli limeshuka pale Gofu.
Mabehewa ya saruji yanapita
kama yanahesabiwa na mtu asiye na haraka.

Nimekanyaga breki. Gari la Mwantumu liko D,
linanisukuma chini kwa chini,
mbuzi aliyeshikwa pembe mbele ya majani mabichi.

“Foleni ikizidi weka N, baba,” anasema,
macho yako kwenye simu.

Miaka thelathini nimebeba katani,
Korogwe hadi bandarini,
na mguu huu wa kushoto ndio ulioleta unga nyumbani:
klachi, gia, klachi, mlima, klachi.
Sasa umelala kwenye kapeti,
mstaafu asiyelipwa kiinua mgongo.
Honi ikilia unashtuka,
unakanyaga hewa.

Naweka N. Gari linatulia
kama mbishi aliyekubaliwa.
Nalegeza breki, nipumzike na mimi,
linaanza kurudi nyuma taratibu
kuelekea baiskeli ya muuza mikate.

“Handibreki, baba!”

Navuta. Krrr. Hiyo sauti naijua.
Muuza mikate hata hakugeuka.

Behewa la mwisho. Geti linapanda.
Mguu wa kushoto umeshajiinua, uko tayari.
Sikuuambia kitu.