Sekunde Thelathini

Kwa jirani yangu Okumbe, hapa Nyalenda,
mpira hushuka moja kwa moja kutoka hewani
hadi kwenye antena aliyoifunga kwa waya
juu ya mti wa mkalitusi.
Mvua ikinyesha picha huganda, lakini haichelewi.

Kwangu mpira huja kwa safari.
Hukatwakatwa vipande vingi kama omena,
kila kipande kimeandikwa anwani yangu,
hupita chini ya barabara ya Kericho
ndani ya uzi wa kioo mwembamba kama unywele,
hupanda nguzo iliyo mbele ya kinyozi.
Kisanduku changu hungoja, hupanga, huhesabu,
ndipo kifungue mlango.
Picha safi! Naona hata jasho la refa.
Jasho la zamani, la sekunde thelathini.

Basi kwetu ukuta ndio hujua magoli kwanza.
Okumbe akipiga yowe, mwanangu Atis husema,
"Linakuja hilo,"
na winga wetu bado yuko katikati ya uwanja,
hajui kwamba ameshakuwa shujaa.

Jumamosi ile, dakika ya tisini, penalti.
Tukautegea ukuta sikio.
Kimya.
Hata kikohozi.
Atis akajifunika uso. Mimi nikaitafuta rimoti:
ya nini kumtazama mtu akienda kukosa?

Dani peke yake, masikio yake mazito,
habari hazikumfikia.
Alisogeza kigoda, akafumbata mikono,
akamwombea kijana ambaye kwa hesabu yangu
alikuwa ameshakosa na kulia.
"Nyasaye, mshikie mguu."
Sikumwambia kitu.

Kijana akauweka mpira. Akarudi nyuma hatua nne.
Ukaingia.

Hatukushangilia. Tulizoea kuitikia ukuta,
na ukuta haujasema.
Ni Dani tu aliyepiga makofi, matatu,
kama anayekung'uta unga.

Nikagonga kwa ngumi: "Okumbe! Umeona?"
Sauti ikatoka gizani, ya mtu anayepapasa kiberiti:
"Tokeni zimeisha kabla hajapiga. Imekuwaje?"

Miaka miwili nimeishi nyuma ya mtu huyu.
Nikaegemea ukuta, nikakohoa,
nikauliza kama watoto wamekula.